Mtambuu wa Bibi na Shimo la Shemeji

Shemeji yangu alipokufa, walinipigia simu Mugumu kunijulisha siku ya mazishi. Nikawashukuru, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele. Binti yangu akauliza kama tuondoke na gari la asubuhi. Nikamwambia yeye aende kama moyo unamtuma, maana yule ni baba yake mkubwa, ila mimi siendi. Hakwenda. Jioni akaja jirani yangu, mama mcha Mungu, akanishauri kwa upole kwamba marehemu hana tena ugomvi na mtu. Nikamjibu kwamba labda yeye hana. Alipoondoka nikapika wali wangu, nikala nikashiba.

Wanaonijua hapa Mugumu wananiona mtu mpole. Nauza viungo sokoni, nasalimia wakubwa, sigombani na mteja. Kwa hiyo wakisikia kwamba sikwenda kumzika kaka wa mume wangu, wanadhani alinidhulumu jambo kubwa sana, shamba au mtoto. Nikiwaambia kwamba aling'oa mmea wangu, wanaitikia kwa adabu, wakidhani kuna lingine ninalolificha. Hakuna lingine. Aling'oa mtambuu.

Mtambuu ule ulikuwa wa bibi yangu, mama yake baba. Yeye na babu walitoka Pangani, babu akiwa fundi cherehani anayefuata kazi, wakafika Musoma, kisha wakapanda hadi Tarime wakati mji ulikuwa bado mtaa mmoja wa maduka. Bibi alivumilia mengi Tarime: baridi ya asubuhi, ugali wa mtama, majirani waliosema Kikurya asichokielewa. Kukosa tambuu hakuweza kuvumilia. Akaagiza kipande cha mmea kwao, kikaja kimefungwa kwenye gunia bichi. Kikafa kwa baridi. Akaagiza kingine, nacho kikafa. Kile kilichoshika alikipanda nyuma ya bafu, mahali pasipo na upepo, na majirani wakazoea kumwona yule mama mfupi wa pwani akiufunika mmea kwa kanga kuukuu usiku wa baridi, kama mtoto.

Nilipozaliwa mimi, mtambuu ulikuwa umepanda ukuta wote. Ni mmea mzuri kuutazama. Unatambaa juu, na kila kifundo kinatoa vijizizi vinavyong'ang'ania gome la mti au tope la ukuta. Majani yake ni mapana, yamechongoka nchani, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Bibi alinipa jani nikiwa mdogo, akaniambia niume kidogo tu. Likaniwasha ulimi, kisha mdomo mzima ukawa baridi.

"Huyu na pilipili manga ni ndugu," bibi akasema. "Ndiyo maana anauma. Lakini mwenzake anauma kwa mbegu, huyu anauma kwa jani."

Alinifundisha kulitengeneza. Jani linafutwa, linapakwa chokaa kidogo sana, juu yake katu, ule utomvu mkavu mwekundu wa mti, kisha popoo, ile kokwa ngumu, iliyokatwakatwa vipande vyembamba, na hiliki kwa anayependa. Linakunjwa, linatiwa shavuni. Mate yanakuwa mekundu, na mwili unapata joto. Anayetafuna hawezi kuzungumza, na bibi alisema hiyo ndiyo faida yake kubwa, maana wake wengi wameachwa kwa ajili ya maneno waliyoyasema wakiwa na mdomo mtupu.

Mama yangu alikuwa Mkurya wa Tarime hapohapo, kwa hiyo mimi nilikua na lugha mbili na ndugu wa pande zote. Nilipata mume Mkurya, mkulima wa kijiji kilichopakana na Kewanja. Alisilimu ili anioe. Ndugu zake hawakupenda, hasa kaka yake mkubwa. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na siku ya kunichukua alibeba yeye mwenyewe kopo la udongo lenye kipande cha mtambuu ambacho bibi alinipa. Bibi alimwagiza yeye, si mimi: mmea usile jua la mchana, na mizizi yake isilale kwenye maji. Akaitikia kama anayepokea amri jeshini.

Tuliupanda nyuma ya bafu letu, chini ya mparachichi, na ukashika. Huko kuna joto kuliko Tarime, nao ulipenda. Bibi alikufa mwaka uliofuata. Nyumba ya babu ikauzwa, na aliyeinunua akajenga ukuta mpya na kufyeka kila kitu. Tangu hapo mtambuu wa bibi ulikuwa mmoja tu duniani, nao ulikuwa kwangu.

Mume wangu alikufa kwa homa, binti yetu akiwa anaanza kutembea. Matanga yalipokwisha, shemeji akaja na wazee wawili kusema kwamba ataniingiza kwenye boma lake, kama ilivyo desturi. Alikuwa na mke tayari, mama wa watoto wengi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Nilijibu mbele ya wazee kwa heshima. Nikasema nitakaa kwenye nyumba ya mume wangu, nilee mtoto wangu, sitaki mume mwingine. Shemeji akatabasamu. Akasema kwamba wanawake wa pwani wana maringo. Mimi nilizaliwa Tarime, pwani sikuwahi kufika hata kwa matembezi, na yeye alilijua hilo vizuri.

Ndipo dhahabu ikapamba moto. Watu walikuwa wanachimba sehemu zile tangu zamani, lakini miaka ile, kabla ya kampuni kubwa kuja, walimiminika kama siafu. Walitoka Geita, Shinyanga, Singida, wengine walivuka kutoka Kenya. Palipokuwa na mashamba ya mihogo pakawa na mashimo, nao wenyewe wakiyaita maduara, na kati ya maduara yakaota maturubai, vilabu vya pombe, wauza chapati, vinyozi. Duara likitoa dhahabu walisema limetema. Neno hilo lilitosha kuhamisha watu. Mtu akisema tu kule bondeni pametema, kabla ya adhuhuri bonde limejaa sururu.

Mimi niliweka meza yangu kando ya njia ya machimbo, nikauza tambuu. Mwanzoni walionunua ni watu wa Tanga na Dar waliokuwa wanaijua. Wale wakawafundisha wenzao. Kule chini kwenye mashimo kuna maji na baridi, na tambuu inatia joto, inafukuza usingizi, na tumbo linasahau njaa kwa muda. Wakurya wenyewe walikuwa na ugoro wao, walinicheka. Shemeji alicheka kuliko wote. Alikuwa akisema vilabuni kwamba mke wa marehemu ndugu yake anatafuna damu, na kwamba mwanamke mwenye mdomo mwekundu namna ile si ajabu mumewe hakuishi. Maneno hayo nililetewa na watu watatu tofauti. Sikuyajibu. Asubuhi wachimbaji walikuwa wanapanga foleni mezani kwangu, na mtambuu ulikuwa unatoa majani mapya kila wiki. Nilijenga jiko jipya. Binti yangu alivaa viatu.

Popoo na katu nilikuwa nazifuata Sirari. Zilitoka Mombasa, zikavushwa Isebania, na pale Sirari kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyeniwekea kila mwezi. Ilikuwa safari ya kutwa nzima. Siku moja nilikwenda, nikamwacha binti yangu kwa mke wa shemeji, kama nilivyozoea. Yule mama hakuwahi kunifanyia ubaya.

Niliporudi jua lilikuwa bado juu kidogo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanga. Kulikuwa na mwanga mwingi nyuma ya nyumba, mahali ambapo siku zote palikuwa na kivuli. Nikazunguka. Mparachichi ulikuwa umelala chini. Ukuta wa bafu umevunjwa. Palipokuwa na mtambuu palikuwa na shimo linalomfika mtu kifuani, na ndani yake vijana wawili wa kukodiwa wanatupa udongo juu. Mtambuu wenyewe ulikuwa umekatwa vipandevipande na kurundikwa pembeni, na mbuzi wa shemeji walikuwa wanaula. Yeye alikuwa amekaa kwenye kisiki cha mparachichi wangu, anavuta ugoro.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema udongo wa pale ni mweusi, na kwamba mtaalamu mmoja kutoka Geita amemwambia udongo mweusi namna ile mara nyingi unalalia dhahabu. Nikamwambia ni mweusi kwa sababu ya maji ya bafu na majani ya miaka mingi. Nikamwambia kwamba hapa ni kwangu.

"Ardhi ni ya ukoo," akasema. "Hayo majani yako kapande kwenu pwani."

Niliweka mzigo wangu chini. Nilikwenda kwenye lile rundo, nikafukuza mbuzi, nikaanza kuokota vipande. Wale vijana waliacha kuchimba, wakawa wananitazama. Nilijaza kapu. Mikono yangu ilikuwa inanuka tambuu mpaka kwenye viwiko, ile harufu kali ya bibi, na hapo ndipo machozi yalipotaka kutoka. Sikuyaruhusu. Nilijiambia kwamba huyu mtu hataniona nikilia kwa sababu yake, wala leo wala siku nyingine.

Nilipanda vipande vile kwenye makopo, kivulini, ndani ya nyumba. Nilivifunika kwa kanga mbichi. Kimoja baada ya kingine vikageuka vyeusi. Kimoja kilinidanganya, kikatoa kijani kidogo kwenye kifundo, nikakesha nacho kama mgonjwa, kisha nacho kikaoza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akanisikiliza, akasema ataita kikao, na jioni yake nikamwona yuko na shemeji kilabuni wanagawana nyama. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Wao walinihurumia kweli, lakini wakasema mmea ni mmea, utaota mwingine, nisivunje undugu kwa ajili ya majani. Mmoja akanikumbusha kwamba ningekubali kuingia kwenye boma la shemeji haya yote yasingetokea. Niliwaaga kwa heshima, nikaondoka. Shemeji hakupata kitu shimoni. Aliliacha wazi hivyohivyo, na mvua ilipokuja likajaa maji, likawa linazalisha mbu dirishani kwangu.

Watu husema kisasi kinamla anayekilea. Mimi kilinilisha. Miezi ile niliamka asubuhi kwa sababu yake. Majani niliyoyaagiza Kenya yalifika yamesinyaa, wateja wakapungua, na mimi nikawa nakaa mezani kwangu nikimtazama shemeji anavyopita na shati lake safi kuelekea kwenye nyumba yake mpya. Alikuwa ameijenga kwa matofali ya kuchoma na mabati mazima, nyumba nzuri kuliko zote pale kijijini. Alijivunia nyumba ile kuliko watoto wake. Alikuwa anapangusa ukuta wake kwa kiganja akizungumza na watu, kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

Ilinijia nikiwa nasikiliza wachimbaji wakibishana kuhusu mahali palipotema. Hakuna aliyekuwa ameiona hiyo dhahabu. Mmoja alikuwa amemwona mtu anayeosha mchanga na kisha akanunua baiskeli, basi, wengine wote walikuwa wanafunga mizigo. Nikafikiri: hawa hawahitaji dhahabu. Wanahitaji kumwona mtu anayenyamaza.

Nilikwenda kwa mke wa shemeji, nikamwomba udongo. Walikuwa wamechimba shimo jipya la choo nyuma ya nyumba yao, na rundo la udongo lilikuwa pale halina kazi. Nikasema nataka kukandika ukuta wa jiko. Akasema nichukue kiasi ninachotaka. Nikajaza debe, nikajitwisha, na badala ya kwenda nyumbani nikashuka kijitoni. Pale niliosha ule udongo kwenye karai, taratibu, nikizungushazungusha kama nilivyowaona wachimbaji wakifanya. Kila aliyepita nilimgeuzia mgongo. Kesho yake nikaenda tena. Na kesho kutwa.

Kisha nikafunga meza. Nikatoa sandukuni kanga mbili ambazo sikuwahi kuzivaa tangu arusi, nikazivaa. Nikachinja jogoo mchana, siku isiyokuwa ya sikukuu yoyote, na harufu ikaenda mpaka njiani.

Watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mchimbaji Msukuma, mteja wangu wa zamani. Aliniuliza habari za biashara, akaniuliza habari za jiko, kisha akasema amesikia ninaosha udongo. Nilikuwa na tambuu shavuni, yale majani makavu ya Kenya. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba asubiri, nikatoka kutema, nikarudi, na kabla hajafungua mdomo nikatia jani jingine. Akacheka. Akasema, basi dada, nimekuelewa. Sikuwa nimemwambia neno hata moja. Alipotoka nilimwona akisimama njiani, akafuata kwa macho alama za miguu yangu na madoa ya udongo yaliyodondoka kutoka kwenye debe, hadi nyuma ya nyumba ya shemeji.

Alimfuata shemeji kumwomba wachimbe wote, wagawane. Shemeji akamfukuza. Lakini baada ya kumfukuza alikwenda mwenyewe kwenye lile rundo la choo, akachukua kiganja cha udongo, akakitazama muda mrefu. Haya niliyaona mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko langu ninachambua mboga.

Hakunijia kuniuliza. Kiburi kilimzuia, na nadhani pia aliogopa kwamba akiuliza nitadai sehemu. Alianza kuchimba ndani. Alijua akichimba nje kijiji kizima kitamwona, kwa hiyo alivunja sakafu ya saruji ya chumba chake mwenyewe na kushuka chini. Watu wakawa wanasikia sururu ikigonga ndani ya nyumba mchana kutwa. Aliwaambia kwamba anatengeneza sakafu. Mkewe alihamisha magodoro na watoto, wakawa wanalala jikoni.

Haikuchukua muda wachimbaji wakajua. Walikuja kundi, wakaweka vigingi kuanzia chooni mpaka mlangoni kwake. Alitoka na panga, wakamcheka. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa nyama, alikuja kuamua, na uamuzi wake ulikuwa kwamba na yeye apewe kigingi kimoja. Wakashuka nje, shemeji akashuka ndani, kila upande ukimkimbilia mwenzake chini ya msingi. Alinunua magogo ya kuzuia kuta za shimo. Alikodi watu. Zizi lake likapungua ng'ombe mmoja, kisha wawili, kisha nikaacha kulitazama zizi kwa sababu halikuwa na cha kutazama.

Masika ilipoanza, ukuta wa nyuma ukapata ufa. Watu walimwonya. Alisema mwamba uko karibu, ameshaona jiwe lenye rangi. Mchana mmoja, baada ya mvua, alikuwa ametoka kutafuta watu wa kuvuta maji, na watoto walikuwa shambani na mama yao. Nilikuwa njiani na ndoo. Nilisikia kishindo kama cha lori linalomwaga mawe. Ukuta wa nyuma uliingia shimoni, wa pembeni ukaufuata, na yale mabati mazuri yakateremka taratibu yakakaa juu ya tope kama kofia.

Niliweka ndoo chini nikatazama. Sitasema uongo kwamba niliona huruma. Nilitazama mpaka vumbi likatua, kisha nikajitwisha maji yangu.

Alikuja kwangu baada ya wiki kadhaa. Wachimbaji walikuwa wameshahama, maana walisikia pametema upande mwingine. Alikuwa amekonda, kucha zake zimejaa tope. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akawa anatazama mikono yake. Nilimpa maji ya kunywa. Siku ile sikuwa na kitu mdomoni.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "niambie tu uliikuta kina gani. Nimeshaharibikiwa. Sitakuomba kitu."

"Shemeji, uliwahi kunisikia nikisema nimepata dhahabu?"

Alifikiri. Niliona anavyorudi nyuma kichwani, siku kwa siku, akitafuta neno langu na kulikosa. Uso wake ulibadilika polepole sana.

"Hapana," akasema.

"Hujawahi kunisikia."

"Lakini uliosha."

"Niliosha udongo. Wewe ndiye uliyechimba. Na huwezi kulaumiwa, ardhi ni ya ukoo."

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeweka mwiko wa ugali karibu. Hakunipiga. Alitoka akasimama pale nyuma, kwenye shimo alilolichimba kwangu, lililojaa maji ya kijani, akasimama hapo muda mrefu amenigeuzia mgongo. Sijui alifikiri nini. Kama alikuwa anajuta, hakuniambia, na mimi sikutoka kwenda kumuuliza.

Baadaye kampuni ilikuja na watu wakahamishwa. Wathamini walipita kuandika nyumba za kila mtu kwa ajili ya fidia. Kwangu waliandika nyumba na jiko na bafu nililolijenga upya. Kwake waliandika shimo. Mimi nikahamia Mugumu na binti yangu, nikaanza kuuza viungo, na pilipili manga ndiyo inayotoka kuliko vyote. Yeye alikwenda kuishi kwa binti yake wa kwanza, na nilisikia kwamba hata huko alikuwa anachimbachimba shamba la mkwe wake mpaka wakamficha majembe.

Mtambuu ninao tena. Kipande chake nilikipata kwa mzee mmoja Mwislamu wa Musoma. Unaota vizuri, watu wanausifu. Majani yake hayaumi kama ya bibi. Nimejaribu kivuli, nimejaribu majivu, nimejaribu kila kitu. Kila nikitafuna nakumbuka kwamba hili si lile, na hasira yangu inarudi nzima, mbichi, kama vile mbuzi bado wanakula. Ndiyo maana sikwenda kuzika.

Kuna jambo moja tu lililonisumbua, na halimhusu yeye. Miaka michache kabla hajafa nilikuwa Sirari kununua hiliki, nikakutana na mkewe. Alikuwa amemwacha mumewe zamani, akarudi kwa ndugu zake upande wa Kenya, na sasa anauza mitumba pale mpakani. Alikuwa amenenepa, amependeza. Tulifurahi kuonana, nasema kweli. Tukaingia hotelini kunywa chai na mandazi, tukazungumza habari za watoto. Kisha bila kubadilisha sauti, ile sauti yake ya chini, akaniambia kwamba siku zile alikuwa anafua kijitoni, nyuma ya matete, na aliniona nikiosha ule udongo.

"Ulipoondoka nilikwenda pale ulipooshea," akasema. "Ulikuwa umemwaga kila kitu palepale. Hapakuwa na chochote. Nikajua unafanya nini."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mumewe.

"Aliwahi kumpiga mama yangu," akasema. "Mbele ya wakwe. Nilikuwa nangoja tu mtu aanze."

Alimega kipande cha andazi, akakichovya kwenye chai. Akaniambia kwamba kila jioni mumewe alikuwa anamuuliza kama ananiona bado naenda kijitoni, na kila jioni alimjibu ndiyo, naenda, na narudi nikicheka. Mimi niliosha siku chache tu, basi. Hizo nyingine zote alizitunga yeye. Ufa ulipotokea, yeye ndiye aliyemwambia mumewe kwamba nyufa ni dalili ya mwamba. Watoto aliwapeleka shambani kwa makusudi siku ile, kwa sababu asubuhi alikuwa amesikia matofali yanalia.

Alikuwa anasimulia kwa furaha, kama tunagawana kitu. Akanishika mkono. Na mimi, badala ya kufurahi, nilihisi kama nimeibiwa. Miaka yote ile nilikuwa na kitu kimoja changu peke yangu, nilichokifanya kwa akili yangu na kwa ajili ya bibi yangu, na huyu mwanamke alikuwa amekula nusu yake na zaidi, na hakuwa hata anajua mtambuu ulikuwa na majani ya namna gani.

Nikamwambia gari langu linaondoka. Nikanyanyuka, nikamwachia alipe chai.